Fimbo Niliyoing'oa Mlimani Nyakasimbi

Nianze na aibu yenyewe tusije tukazungushana: mimi, Sadiki wa duka la vipuri vya pikipiki pale Kayanga, mtu mzima mwenye mke na watoto, niliingia uwanjani mbele ya kijiji kizima, namba mgongoni, jasho mpaka kwenye soksi, nimeinua juu kwa mkono mmoja kitu ambacho sikupaswa hata kukigusa, na nilikuwa natabasamu. Hilo la kutabasamu ndilo linaloniuma mpaka leo. Ningeingia nimenuna kidogo, labda mambo yangekuwa mengine.

Najua mmeshasikia vipande vipande (kuna mteja wangu mmoja kila akija kununua plagi ananiuliza kama siku hizi nauza na fimbo), basi bora nisimulie mwenyewe mwanzo mpaka mwisho, maana watu wanaongeza chumvi, na mkasa wenyewe ulikuwa na chumvi ya kutosha.

Walikuja jamaa fulani wanaoandaa mbio za ramani. Kwa asiyezijua, hizi si zile mbio za kufuata barabara huku watu wanakupigia makofi na kukumwagia maji. Unapewa ramani, dira na kadi, halafu unaambiwa huko milimani kumefichwa vibendera vya rangi ya chungwa na nyeupe, kila kimoja kina koleo dogo la kutobolea kadi, uvipate vyote kwa mpangilio wake na njia ya kupita utajua mwenyewe. Wakachagua ile milima ya mawe upande wa Nyakasimbi, tena wakachagua mbio ndefu, za kuanza asubuhi na kumaliza mchana kama Mungu akipenda. Vijana wa Karagwe na Kyerwa wakajiandikisha, na mimi nikajiandikisha, mimi ambaye nikipanda ngazi za msikiti haraka nasikia magoti yanalalamika.

Mke wangu Koku aliniuliza nina akili. Nikamwambia nilikuwa skauti shuleni, dira naijua. Lakini sababu ya kweli haikuwa skauti, sababu ilikuwa baba yake.

Baba mkwe wangu ni Ta Kaijage (kwa wageni, Ta ni heshima tunayompa mzee wa kiume huku kwetu), mkulima wa Nyakasimbi, na kibanja chake cha migomba na kahawa unaweza kula chakula chini kilivyo kisafi. Mimi babu yangu alikuja kutoka pwani na bidhaa zake akaweka duka, baba akaweka duka, na mimi nikaweka duka, ukoo mzima hatujawahi kushika jembe kwa nia njema. Ta Kaijage binti yake alinipa, sisemi alikataa, lakini kila nikienda ukweni nikimsalimia alikuwa anaitikia vizuri kabisa kisha anaiangalia mikono yangu, anaigeuza, anairudisha. Mwanaume anayeshinda kivulini kwenye kigoda, kwake yeye, bado hajaeleweka ni mwanaume wa namna gani. Sasa nikasikia mbio zitaanzia na kuishia uwanja wa shule ya kijijini kwake, na yeye ni mmoja wa wazee waalikwa watakaokaa mbele chini ya turubai. Nikasema hapo hapo, safari hii atajua.

Sasa kuna jambo lazima mlijue kabla sijaanza kukimbia. Ta Kaijage alikuwa na ugomvi wa mpaka na jirani yake, Ta Rweyemamu. Vibanja vyao vinakutana juu kabisa, pale udongo unapoishia na mawe ya mlima yanapoanza, na hapo kuna kipande chembamba chenye mstari mmoja wa mibuni. Si kipande cha kumtajirisha mtu. Lakini ile mibuni aliipanda mama yake Koku kwa mikono yake kabla hajafariki, na ndiyo maana mzee alikataa kuiachia, akaenda baraza hili na lile, miaka inapita, wazee wawili waliokua pamoja wakichunga ng'ombe hawasalimiani, hata kanisani mmoja akipita mlango huu mwenzake anapita ule.

Jumamosi kabla ya mbio zile, yakaisha. Mwenyekiti wa kitongoji na wazee walipanda nao mpaka juu, wakapima, wakakubaliana mibuni ibaki kwa Ta Kaijage, wakachinja mbuzi, wale wawili wakanywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwenye kibuyu kimoja, kisha wakapanda mulamula pale pale mpakani. Mulamula mnaujua, ule mti wa majani marefu membamba, huku kwetu ukishapandwa kati ya watu wawili kesi imekwisha, na mtu akiung'oa ni kama ametamka kwamba anataka vita. Koku alikwenda kupika siku hiyo, mimi nilibaki dukani, na aliporudi alinisimulia huku analia kwa furaha kwamba kahawa ya mama imepona. Mimi nikamuuliza kama alinibebea nyama ya mbuzi. Ndivyo nilivyoisikiliza habari hiyo, na kama ningeisikiliza vizuri nisingekuwa hapa nawasimulia.

Basi siku ikafika. Ukungu mlimani, watu wamejaa uwanjani, turubai limefungwa, na chini yake nikawaona kwa macho yangu Ta Kaijage na Ta Rweyemamu wamekaa viti vya jirani, wanagawana kahawa ya kutafuna kutoka kwenye kikapu kimoja, na watu wanawatazama wao kuliko wanavyotutazama sisi wakimbiaji. Nikaenda kusalimia, shikamoo baba, marahaba mkwe, na mzee akaniangalia kuanzia raba mpaka kofia akaniambia taratibu nisianguke. Mwandaaji alikuwa anasoma masharti kwenye kipaza sauti, moja lilikuwa kwamba hakuna kugusa mali ya mwananchi yeyote, zao wala mti wala uzio. Mimi wakati huo nilikuwa nafunga kamba za raba na kumpungia Koku mkono. Nikasikia tu neno "uzio", nikasema sawa, uzio sitagusa.

Vituo vya mwanzo nilivipata kama mtu anayeokota mayai kwake, na kichwa kikavimba. Nilikuwa nashika dira, nageuza ramani, nakunja uso, nasema mwenyewe kwa sauti "kaskazini mashariki" ili wanaopita wasikie. Kisha tukaingia kwenye mawe. Jamani. Ukiwa barabarani ile milima unaiona mizuri, majani yanapepea, ng'ombe wenye mapembe marefu wanalisha, kumbe chini ya yale majani ni mawe matupu, makubwa ya kupanda kwa mikono na miguu, na madogo yanayoteleza ukiyakanyaga, kila hatua unaihesabia dhambi zako. Nikateleza mara ya kwanza nikacheka. Nikateleza mara ya pili sikucheka. Mara ya tatu kifundo cha mguu kikajipinda nikakaa chini na kumwita marehemu mama.

Pale ndipo aliponipita dada mmoja wa Bugomora, Jeneroza, mkulima mwembamba aliyevaa gauni juu ya suruali, anaruka yale mawe kama yuko uani kwake. Akaniuliza kama nimeumia, nikasema hapana, nasoma ramani. (Ramani nilikuwa nimeikalia.) Akaenda zake.

Nikainuka, nikachechemea, nikaukata ule mgongo wa mlima kuteremka upande wa pili kufuata kituo kinachofuata, na mawe yakaanza kupungua, nikaona mbele udongo mwekundu na vilele vya migomba. Nami nikawa nawaza kitu kimoja tu, fimbo. Mtu akiwa na fimbo ana mguu wa tatu. Na hapo hapo, Mungu wangu, nikaiona. Imesimama wima peke yake ardhini, imenyooka, unene wa kushikika, haina jani hata moja, na udongo wa pale chini ni mpya, umetifuliwa. Pembeni kuna jiwe limelazwa vizuri. Kuna majani ya mgomba yaliyonyauka, ya kukalia, yamepangwa kwa mviringo. Kuna kibuyu kilichopasuka. Kuna mfupa wa mbuzi.

Mfupa wa mbuzi, ndugu zangu, na mimi nikautazama. Nikajisemea wachungaji wamekula hapa wakasahau fimbo yao.

Msiniambie sikujua mulamula. Naujua, ila naujua ukiwa na majani, nilikuwa sijui kwamba ukipandwa mara ya kwanza ni kijiti kitupu tu kinachochomekwa ardhini mpaka kije kichipue. Na msiniambie sikujua kwa wakwe zangu. Napajua sana, ila siku zote nafika kwa pikipiki kutokea chini, barabarani, napita shule, napita kisima, naingia uani. Kutokea juu, kwenye mawe, sijawahi. Nilikuwa na ramani mkononi inayonionyesha kila jabali na kila bonde, na nimesimama juu ya shamba la baba yake mke wangu, na sijui niko wapi. Nikaikamata kwa mikono miwili nikavuta. Ikatoka bila shida, kama muhogo kwenye mchanga. Nikaikung'uta udongo kwenye raba na nikaondoka nayo.

Nawaambia ukweli, fimbo ilinifaa. Mguu ukapata nafuu, nikatoboa kadi kituo kile, nikatoboa kingine, nikaanza hata kuwapita watu, na kwenye korongo moja nikamkuta Jeneroza anakunywa maji. Akaniangalia, akaiangalia fimbo, akaacha kunywa.

"Kaka, huo mti umeutoa wapi?"

Nikamwambia nimeuokota. Akaniuliza nimeuokota umelala au umesimama. Sasa mimi nikawaza, huyu ananichelewesha, ameona namfikia anataka tukae hapa tupige soga kuhusu kuni. Nikamwambia dada, mbio ni mbio, nikampita. Nikasikia nyuma yangu akisema kwa Kinyambo neno ambalo sikulielewa, na alilisema kwa huruma, hilo nililielewa.

Muda si mrefu nikaanza kusikia kelele. Kwanza sauti moja ya mwanamke kutoka huko juu kwenye migomba, ndefu, kali, ile ya kuita watu. Kisha ya pili. Kisha za wanaume. Nikageuka nikaona watu wanateremka mlima, wengine na majembe, wananyoosha mikono upande wangu, wanapiga mayowe. Na mimi, mimi Sadiki mwana wa mama yangu, nilijua wananishangilia.

Niliguswa, nisiwafiche. Nikasema kumbe watu wa Nyakasimbi wananipenda hivi. Nikainua fimbo juu nikawapungia. Mayowe yakazidi. Nikaongeza mwendo, nao wakaongeza mwendo, nikapungia tena, na mama mmoja mbele yao akashika kichwa kwa mikono miwili, nikadhani ni furaha imemzidi. Kifundo cha mguu sikukisikia tena, nilipita kituo cha mwisho hata kadi sikumbuki niliitoboaje, nikaingia uwanjani na ule umati nyuma yangu kama vile nimeshinda uchaguzi.

Walikuwa wameshatangulia vijana wawili tu. Mimi nikawa wa tatu, mtu wa kigoda, mtu wa kivulini. Nikavuka mstari sikusimama, nikaenda moja kwa moja mpaka chini ya turubai, mbele ya baba mkwe wangu, nikapumua, nikatabasamu (nilishawaambia), nikainua ile fimbo juu na kuichomeka chini kwa nguvu mbele ya miguu yao wote wawili, yeye na Ta Rweyemamu, nikasema shikamooni wazee.

Hakuna aliyeitikia.

Nilidhani hawakunisikia, nikataka kurudia. Ndipo nikamwona Ta Kaijage usoni. Mzee yule nimemwona akizika, nimemwona akiumwa, sijawahi kumwona vile. Midomo ilikuwa wazi, kahawa aliyokuwa anatafuna imebaki juu ya ulimi. Alikuwa haniangalii mimi, anaangalia fimbo. Wale waliokuwa nyuma yangu wakafika wanahema, na yule mama aliyeshika kichwa (ndipo nikamtambua, ni mke wa Ta Rweyemamu) akaonyesha kidole akasema ndiyo huo, ndiyo huo mulamula wetu, nimemwona kwa macho yangu akiung'oa.

Damu ilinihama mwilini, sijui ilikwenda wapi. Nikaiangalia fimbo nikauona upya ule udongo mwekundu chini yake, nikaukumbuka mfupa wa mbuzi, nikaikumbuka nyama niliyomuuliza Koku kama alinibebea, na vyote vikajipanga kichwani mwangu kwa mara moja. Nilitaka kusema kitu chochote. Nikasema kibaya kuliko vyote duniani, nikasema, "Si fimbo tu hii?"

Ta Rweyemamu akasimama. Ni mzee mfupi, na hakupaza sauti, angepaza ningepata nafuu. Akamgeukia mwenzake akamwambia kwa Kiswahili, ili mimi pia nisikie:

"Kaijage. Tumekunywa kibuyu kimoja. Kumbe ulikuwa unamngoja mkweo aje na namba mgongoni."

Hapo ndipo nilipoelewa ukubwa wake. Mimi nilidhani kosa ni langu, nitaomba radhi, nitatoa faini, nitachekwa, basi. Kumbe mbele ya kijiji kizima mzee wangu ameshakuwa mtu aliyekula mbuzi wa mapatano Jumamosi na kumtuma mkwe kuvunja mpaka wiki inayofuata, kwa ujanja wa mbio. Na nani angebisha? Mkwe ni wake, mti umetoka mlimani mikononi mwa mkwe, na mkwe ameuleta mwenyewe mbele za watu akiupunga. Nikapiga magoti, nikaapa, nikasema sikujua, nilidhani ni fimbo ya wachungaji. Watu wengine wakaguna, wengine (hawa ndio walioniumiza zaidi) wakaanza kucheka. Nikamtafuta Koku. Alikuwa amesimama na chupa ya chai aliyoniletea, amejifunika mdomo kwa ncha ya kitenge, na machoni mwake hamkuwa na hasira, alikuwa kama mtu aliyeambiwa msiba na bado hajaamini.

Mwenyekiti wa kitongoji akasema maneno hayaishii uwanjani, twende juu. Tukapanda wote, wazee, wanawake, wakimbiaji na ramani zao, na Jeneroza naye, ambaye alikuwa amemaliza nyuma yangu. Mulamula niliubeba mimi kwa amri ya mwenyekiti, nimeukumbatia kifuani kama mtoto mchanga, sikuthubutu kuutumia kama fimbo, nikachechemea mlima mzima nao.

Tulipofika juu pakawa na jambo la pili la kutushtua. Shimo halipo. Wale walionifukuza walipita pale, na ng'ombe wa watu walikuwa wamepita pale wakitoroka mayowe, udongo ule laini umekanyagwa wote, na lile jiwe limepinduliwa. Ta Rweyemamu akasema ulikuwa hapa. Ta Kaijage akasema ulikuwa pale. Tofauti ya hapa na pale ni hatua chache, ila mstari wa mibuni ya marehemu uko katikati ya hatua hizo. Wazee waliokuwepo Jumamosi nao wakagawanyika, huyu anasema jiwe lilikuwa kushoto, yule anasema kulia, sauti zinaanza kupanda, na nikaona kabisa miaka yote ile ya baraza inarudi mbele ya macho yangu.

Mwenyekiti akanigeukia. "Wewe ndiye uliyeung'oa, na una ramani. Tuonyeshe."

Mimi, skauti, mtu wa kaskazini mashariki. Nikatazama udongo, nikatazama mibuni, nikajaribu kukumbuka nilisimama wapi, mkono upi ulikuwa upande wa mawe, na sikukumbuka chochote isipokuwa jinsi ilivyotoka kirahisi. Nikisema upande wa baba mkwe, nimethibitisha nilitumwa. Nikisema upande wa pili, nimeiuza kahawa ya mama yake Koku kwa mdomo wangu. Na kweli yenyewe sikuwa nayo. Nikasema sijui. Nililisema hilo neno taratibu, lakini pale juu hata migomba ilisikia.

Ta Kaijage akanisogelea. Nikafumba macho, nilijua ananipiga, na ningeshukuru. Akauchukua mulamula mikononi mwangu. Akatembea nao akaupita mstari wa mibuni, akaingia ndani kwake, upande wake mwenyewe, pale ambapo hata Ta Rweyemamu katika miaka yote ya ugomvi hakuwahi kudai. Akaomba jembe. Akachimba mwenyewe, mzee wa umri ule, hakuna aliyethubutu kumsaidia, akauchomeka, akashindilia udongo kwa kisigino. Mibuni yote ikabaki nyuma yake, kwa jirani.

"Mpaka uko hapa," akasema. "Asije mtu kesho akasema Kaijage alimtuma mkwe wake."

Akamrudishia mwenye jembe jembe lake na akaanza kuteremka kwenda nyumbani, hakumngoja mtu. Ta Rweyemamu alibaki amesimama, ameshika kofia yake, na alikuwa na sura ya mtu aliyepewa kitu ambacho hakukiomba na hajui akiweke wapi. Koku alikwenda kwenye mbuni wa mwisho akashika tawi. Hakulia kwa sauti. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya lile jiwe lililopinduliwa, namba bado iko mgongoni, nikalia mimi.

Matokeo yangu yalifutwa, kwa taarifa yenu, kwa kugusa mali ya mwananchi. Nafasi ya tatu wakampa Jeneroza, na alistahili. Faini wazee walinitoza, mbuzi na rubisi ya kutosha watu wote kukaa tena pale juu, na mimi pombe sinywi, kwa hiyo nilikaa kwenye jani la mgomba nimeshika soda natazama watu wakinywa aibu yangu kwa mirija. Wale wazee wawili walikunywa tena kibuyu kimoja. Wanasalimiana mpaka leo, hilo nalo niliseme, na msimu wa kwanza wa mavuno Ta Rweyemamu alikuja mwenyewe mpaka dukani kwangu Kayanga, akakataa kiti, akampa Koku kifurushi cha kahawa ya kutafuna kilichofungwa kwa jani la mgomba. Akamwambia hizi ni za mama yako. Mimi akanipa mkono tu, lakini alinipa.

Tangu siku ile, mimi na kitu kilichosimama ardhini hatujuani. Nikiona mti, kijiti, kigingi, nguzo ya uzio, napita mbali nikiwa nimefunga mikono nyuma. Juzi mtoto wangu aliniomba nimng'olee mchicha hapo uani, nikamwambia amwite mama yake kwanza aje ahakikishe. Na mbio za ramani nimeacha, wakija tena waniite nikae mezani niwagawie maji.

Baba mkwe hajawahi kunigombeza. Hata mara moja. Ila sasa kila nikienda ukweni, nikishamsalimia, haiangalii tena mikono yangu. Ananiuliza kama nimeshafika juu kusalimia. Kama sijafika, chai hainywewi mpaka niende. Basi napanda peke yangu, nachechemea, maana kile kifundo hakijapona sawasawa, nafika mpakani. Mulamula umeshika, una majani sasa, marefu, mazuri, na nyuma yake, kwa jirani, kahawa ya mama yake Koku imeiva nyekundu tupu. Naangalia kama kuna mtu ananiona. Kisha navua kofia, nauambia shikamoo.